Mfanyabiashara wa Almasi Aliyeangukia Tulipu

Dada Shahida,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla hujafika mstari wa pili naomba msaada wa kwanza, nao ni kwamba usicheke, maana huku kila mtu anacheka isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja asiyecheka ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, nina miaka hamsini na tisa, naishi Rainawari hapa Kashmir, na kwa miaka thelathini na nne nimewafundisha wavulana wa mji huu, ukimshika yeyote barabarani atakutajia jina walilonipa, Barafu, kwa sababu hawajawahi kuniona nikitabasamu kabla ya matokeo ya mtihani, na baada ya matokeo ndiyo kabisa. Mvulana akikosea hesabu nilimsamehe, lakini akidanganya alisimama pembeni mpaka kengele ya mwisho. Nakwambia haya ili umjue mtu aliyefanya niliyoyafanya.

Mke wangu anaitwa Firdausa, tumeoana miaka thelathini na moja, na nadhani nimekuwa mume mwema, yaani nyumba haijakosa mchele wala mkaa wa majira ya baridi, lakini maneno matamu, Dada, hayo kwetu hayakuwemo, sikuyasikia kwa wazee wangu, marehemu baba alimwita mama "sikiza" mpaka siku ya kufa kwake, na mimi nimemwita Firdausa "mama Mubina" tangu Mubina azaliwe, na kabla ya hapo sikumbuki kama nilimwita chochote.

Basi Jumapili ya pili ya Aprili binti yetu Mubina akatangaza kwamba tulipu zimefunguka zote na mwaka huu hakuna wa kubaki nyumbani. Tukafunga mandari yetu, wali, mboga za majani, mizizi ya yungiyungi ya kukaanga, na samova, lile birika kubwa la chai ya chumvi, ambayo mama yangu, Bi Mukhta, mwenye miaka themanini na tatu, aliipakata njia nzima kama mjukuu. Asubuhi nilikuwa nimevaa pherani, joho langu refu la sufu la kila siku, Mubina akanivua mlangoni.

"Baba, leo huendi kusimamia mtihani," akasema, akanivika koti la ngozi na miwani ya jua, nikajitazama kwenye kioo nikamwona mtu nisiyemfahamu, na hapo ndipo ningepaswa kurudi kitandani.

Tulikula kwenye nyasi nje ya lango la bustani, kisha tukaingia. Mama akachoka, Mubina akakaa naye kwenye benchi karibu na chemchemi, mimi na Firdausa tukaendelea kupanda juu wawili peke yetu, na Dada Shahida wewe ni mwenyeji wa bonde hili huhitaji kuambiwa, mlima nyuma bado una theluji, chini yake matuta mekundu, ya manjano, ya zambarau, nargisi zinatikisa vichwa, watu elfu wamelewa bila kunywa. Akatokea mpiga picha, mtu mzima mwenye jino la dhahabu, wa Baramulla, humuhumu bondeni, kwa lafudhi yake, akatupokea kwa Kiurdu cha kupokelea watalii.

"Karibuni Kashmir! Bwana, Bibi, mmetoka wapi? Msiniambie, ngoja nibahatishe. Gujarati!"

Nilifungua mdomo nimwambie atutazame vizuri, lakini Firdausa alinitangulia.

"Surat," akasema. "Tuko fungate."

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama mbele, uso mkavu, kama mbuzi aliyetoka kula kabichi ya jirani.

"Mashallah!" akasema mpiga picha. "Na Bwana anafanya kazi gani huko Surat?"

Dada, ulimi ulikuwa unaelekea kwenye "mwalimu", naapa, ulikuwa njiani kabisa. "Almasi," nikasema, maana Surat ndiko zinakokatwa.

Kilichofuata sijui nikieleze vipi. Huyo bwana ana dada yake aliyekaa juu ya sanduku la nguo na mapambo ya fedha, wanawavisha watalii ili wapigwe picha kama Wakashmiri, na wakaanza kutuvisha sisi, mimi niliyezaliwa ndani ya pherani nikafundishwa jinsi ya kuvaa pherani. "Siyo hivyo, Bwana, mkono unaingia ndani, hivi, ninyi watu wa tambarare hamwezi kujua." Firdausa akapewa mtungi, akaambiwa hivi ndivyo wanawake wetu wanavyoubeba, akaushika kichwa chini makusudi, akasahihishwa, akashukuru. Na ndugu hao wawili, wakidhani hatusikii, wakawa wanatusengenya kwa Kikashmiri mbele ya pua zetu.

"Kaka, mwanamke mzuri namna hii amemwokota wapi mwiko huu wa wali?"

"Ana almasi, dada yangu. Mwenye almasi hata akiwa mwiko anapata mke."

"Na zile kope, ona! Huyu bibi alikuwa wa kuolewa na waziri."

Nilimtazama Firdausa nione kama amesikia. Amesikia kila neno. Mapambo ya fedha kichwani mwake yalikuwa yanalia kwa jinsi alivyojizuia kucheka.

"Bwana, mwangalie Bibi machoni," mpiga picha akaamuru. "Mwambie neno zuri."

"Neno gani?"

"Bwana, uko fungate halafu unaniuliza mimi?"

Nikamwangalia. Dada Shahida, huwa namwona mke wangu kila siku lakini ni kama mtu anavyoiona saa ya ukutani, anasoma anachokitaka anaondoka. Siku hiyo niliangalia. Ana doa dogo la kahawia ndani ya jicho la kushoto ambalo sikulijua. Nikasema kwa Kiurdu, "Bustani yote hii, na bado naona wewe tu." Sijui yalitoka wapi. Naamini alisema yule mfanyabiashara wa almasi, mimi nilimwazima mdomo tu. Firdausa akaacha kucheka ghafla, macho yakajaa maji, na palepale dada wa mpiga picha akajipiga kofi pajani akasema kwa Kikashmiri, "Loo! Mwiko umesema!"

Hapo kicheko kikatushinda. Firdausa alicheka mpaka akaniangukia kifuani, nikarudi nyuma hatua moja, nikakanyaga pindo la pherani, tukaenda chini wote wawili, mtungi na mapambo na fungate yetu, chali, katikati ya tuta la tulipu za manjano.

Filimbi ya askari wa bustani ikalia. Watu wakakusanyika. Na kutoka kwenye benchi ikaja sauti ya mama yangu, ambayo uzee haujaipunguza hata chembe, ikiniita jina langu. "Gani! Gani wee mwanangu! Umevunjika?"

Mpiga picha alitutazama sisi, akamtazama mama anayekuja na mkongojo, akageuka kijivu. "Mama, wewe… unaongea Kikashmiri?"

"Nimezaliwa Rainawari," mama akasema, "ulitaka nibweke?"

Nilipoinuka, petali kichwani, wa kwanza niliyemwona kwenye njia ni Pirzada Mahmud. Huyu, Dada, ni afisa misitu mstaafu, mtu aliyenyooka kama mwerezi na mkali kuliko mimi, na mwanawe Aijaz ndiye anayetaka kumwoa Mubina wangu, siku ya kuvishana nishani ya uchumba imepangwa mwisho wa mwezi. Alikuwa na mkewe, na kwa sura yake alikuwa hapo muda mrefu.

"Assalamu alaikum, Mwalimu," akasema. "Sikuwa na habari kwamba umehamia Surat."

Akalitazama lile tuta kwa muda, akaondoka. Tangu siku hiyo hajanena. Aijaz anasema baba yake anakula, anaswali, ananyamaza. Mubina siku ya kwanza alicheka mpaka akalala sakafuni, siku ya pili alilia. Juzi umekuja ujumbe kwamba Pirzada atafika kwetu Alhamisi baada ya alasiri, kuna jambo la kuzungumza. Shemeji yangu ananishauri niseme ni dawa za presha zilinichanganya. Firdausa naye, badala ya kunihurumia, ameitia kwenye fremu ile picha, aliyotupiga jino la dhahabu tukiwa bado angani, na ameitundika chumba cha wageni, juu kabisa ya mahali atakapokaa Pirzada.

Ningeishia hapo, lakini mshauri ni kama daktari, hafichwi kitu. Tumerudi bustanini. Mara mbili, siku za kazi, nyumbani tukisema tunakwenda benki. Mara ya kwanza tulikuwa tunatoka Kolkata, mimi nikiwa daktari wa meno. Mara ya pili Bhopal, mkuu wa stesheni ya treni. Na kila mara mtu huyo wa kubuni anamwambia mke wangu mambo mazuri ajabu, anamshika mkono kwenye ngazi, na tukifika nyumbani navua miwani, nasema, "Mama Mubina, chai iko wapi." Maua yamebakiza siku kumi hivi, yakianguka sijui wale mabwana watakwenda wapi, na mimi nitabaki na nani wa kunisemea. Mwongo mzee, mwenye furaha, na binti yake huenda akakosa mume kwa ajili yake: nifanye nini?

Ni mimi,
Barafu, Rainawari
(Majina ya wengine nimeyabadilisha. La kwangu acha tu, mji mzima umeshaniona chali.)

*

Mwalimu,

Nilicheka. Samahani, uliniomba mapema lakini ulinipa mengi mno. Nilikupigia simu kwanza kwa sababu Alhamisi yako ilikuwa mlangoni, na leo, kwa ruhusa yako, nachapisha hapa gazetini yale niliyokwambia simuni, ili wengine wenye tabia ya barafu nao wasikie.

Sasa acha nikugombeze. Barua yako ina kurasa sita. Pirzada umemwogopa kurasa mbili, mpiga picha umempa kurasa mbili, na binti yako aliyelia umempa sentensi moja. Moja! Msichana anangoja nishani yake, baba yake anaanguka kwenye maua mbele ya mkwe, halafu baba huyohuyo anatoroka tena, mara mbili, anamwambia yuko benki. Huyo ndiye wa kwanza. Kabla hujalala leo, nenda kwa Mubina, keti chini, mwombe radhi, mwambie na ile ya benki. Kisha muulize anataka umwambie nini baba yake Aijaz, maana harusi ni yake, siyo yako.

Pili, mpiga picha. Usinitajie kwamba alikusengenya. Alisema kweli aliyoiona, wewe ndiye uliyekaa hapo unamsikiliza kwa hila. Nenda kwake, msalimie kwa Kikashmiri, mwambie jina lako. Ukitoka hapo pita ofisi ya bustani, omba radhi kwa maua. Kuna watu waliyapanda.

Tatu, Pirzada. Usimtume shemeji wala mzee yeyote. Na hizo dawa za presha zirudishe kwenye kabati, wewe uliyewasimamisha watoto wa watu pembeni! Mpokee mlangoni mwenyewe, na kabla hajavua viatu mwambie: nilidanganya, nilikuwa na furaha, maua niliyaharibu, binti yangu hana kosa. Maneno machache. Ukianza kueleza utaharibu. Picha iache ilipo. Mkeo ameitundika kwa sababu ni picha ya kwanza maishani mwake inayoonyesha mumewe akicheka naye, na mgeni atakayechukizwa nayo ataweza kukaa upande wa pili.

Na sasa Firdausa. Hapo Mwalimu umenitia huruma na hasira kwa pamoja. Mwanamke amengoja miaka thelathini na moja, siku moja mtu akamuuliza wametoka wapi, naye akaona upenyo. Akasema fungate. Alikuwa anakuomba kitu, nawe ukamtafutia muuza almasi ampe. Kisha daktari wa meno. Kisha stesheni nzima ya treni. Una aibu ya kumwambia mkeo neno jema, lakini huna aibu ya kumkabidhi kwa wanaume watatu?

Basi wote hao waage, kuanzia leo. Hakuna Kolkata, hakuna Bhopal. Bustani nendeni, nendeni kila siku mpaka ua la mwisho, mkiwa na majina yenu na mama yako na samova yake. Lakini lile neno usilisemee huko. Lisemee nyumbani, kwa lugha yenu, bila miwani, mkiwa na kazi mikononi, na mwite kwa jina lake. Ulimi utakuwa mzito. Liseme hivyohivyo, na uzito wake. Sitaki kusikia kwamba umeahirisha.

Dada Shahida

*

Dada Shahida,

Nimeyafanya yote kwa mpangilio ulioniwekea, isipokuwa moja nilichelewesha, utaona.

Mubina alinisikiliza, nilipofika kwenye benki akasema, "Baba, najua. Bibi aliwafuata mara ya pili. Alijificha nyuma ya nargisi." Kisha akasema nimwambie baba yake Aijaz ukweli mtupu, na kama hautaki ukweli basi yeye Mubina hautaki mlango wake.

Mpiga picha alinikumbatia, lakini dada yake alijifunika na pherani tatu na hakutoka ndani yake mpaka nilipoondoka. Ofisi ya bustani walinipa onyo na kikombe cha chai.

Alhamisi Pirzada akaja na mkewe. Nilimsimamisha mlangoni nikamwambia maneno yako, sentensi nne tu. Akavua viatu. Akaingia, akakaa chini ya ile picha, chai akaikataa, nami nikajua yamekwisha. Mubina alikuwa amesimama nyuma ya pazia, naona vidole vyake tu.

"Mwalimu," akasema, "mtu na mkewe, hayo si yangu. Thelathini na saba."

"Thelathini na saba nini, Pirzada sahibu?"

"Tulipu! Nilizihesabu. Miaka thelathini nimelinda miti ya nchi hii. Unajua kitunguu kimoja cha ua lile kinapandwa lini? Novemba! Mtu amepiga magoti kwenye tope la baridi, mikono imekufa ganzi, anangoja majira yote ya theluji, linachanua wiki tatu, halafu anakuja mwalimu mzima analilalia! Siku kumi sijapata usingizi!"

"Na… Mubina?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Mubina ana kosa gani? Amelala juu ya maua Mubina?"

Mkewe alikuwa amejaza shali mdomoni, mabega yanaruka. Nyuma ya pazia pakatoka sauti kama ya paka aliyekanyagwa. Pirzada akaniwekea sharti: Novemba nitakwenda pale bustanini, nitapiga magoti na watunza bustani, nitapanda vitunguu thelathini na saba kwa mkono wangu, naye atasimama pembeni anahesabu. Nikakubali. Akaivuta chai. Nishani ni siku ileile.

Walipoondoka nilimfuata Firdausa jikoni. Hili ndilo nililolichelewesha, nilikuwa nimelijaribu asubuhi nikaishia kuuliza habari za chumvi. Alikuwa anaosha vikombe, amenipa mgongo. Nikashika kitambaa nikaanza kuvifuta, miwani haipo, koti la ngozi halipo, nimevaa pherani yangu ya zamani iliyotoboka kiwiko.

"Firdausa," nikasema.

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Mama yangu anamwita binti, watoto wa jirani wanamwita shangazi, sijui ni lini mara ya mwisho alisikia jina hilo ndani ya nyumba hii.

"Wewe ni mzuri sana," nikasema, kwa Kikashmiri, na sauti ilitoka mbaya, kama ya mvulana aliyeitwa ubaoni.

Hakugeuka.

"Nani anasema hayo?" akauliza.

"Gani. Mume wako."

Mikono yake ikaanza tena kuosha. Kisha akanipa kikombe kingine, kikiwa bado kinachuruzika maji, na alipokuwa anakinyoosha nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

"Basi mwambie Gani asiondoke," akasema. "Vikombe bado vingi."